Dar es Salaam hadi Hahaya: umbali wa anga, muda wa safari na hesabu ya mzigo

Tanzania na Visiwa vya Comoro ni majirani wasio na geti la mpakani. Hakuna foleni ya malori kama ya Tunduma wala Namanga, kuna bahari tu. Mipaka ya baharini kati ya nchi hizo mbili na Msumbiji ilitiwa saini mjini Maputo Desemba 2011. Kwa mfanyabiashara anayepeleka vitunguu, viazi, mchele, nguo au vipuri Ngazija, swali la kwanza ni lile lile la siku zote: ni mbali kiasi gani, na mzigo utafika lini?

Makala hii inaeleza umbali kati ya Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na Uwanja wa Kimataifa wa Prince Said Ibrahim ulioko Hahaya, kaskazini ya mji wa Moroni. Kwenye tiketi na lebo za mizigo viwanja hivi huandikwa kwa herufi DAR na HAH. Mwenye mzigo azikariri, kwa sababu robota lenye lebo iliyokosewa huweza kuishia nchi ambayo mwenyewe hajawahi kuiona.

Umbali kwa mstari ulionyooka

Kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya ni takriban kilomita 680 kwa njia ya anga, sawa na maili za baharini 370 hivi. Mwelekeo ni kusini mashariki. Ndege ikishapaa huiacha pwani, hupita pembeni mwa kisiwa cha Mafia na baada ya hapo ni maji matupu hadi Mlima Karthala utokeze mbele. Mlima huo una urefu wa mita 2,361 na ni volkano hai. Uliwahi kulipuka mara mbili katika mwaka 2005 pekee, na majivu yake yakaharibu maji ya kunywa ya vijiji vingi.

Kwa kulinganisha, kutoka uwanja wa Zanzibar hadi Hahaya ni kilomita 740 hivi, kutoka Mombasa ni zaidi kidogo ya 920, na kutoka Nairobi ni kama 1,330. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba kutoka Mtwara hadi Hahaya ni kilomita 360 tu, karibu nusu ya umbali wa kutoka Dar es Salaam. Ramani inasema Mtwara, lakini ndege za ratiba kwa kawaida huanzia Dar es Salaam, hivyo mtu wa Mtwara au Masasi anayekwenda Moroni kwa ndege hulazimika kwanza kupanda kaskazini halafu kurudi kusini. Habari ya Mtwara itarudiwa hapo chini, kwa sababu kwa mzigo wa majini hesabu yake ni tofauti.

Muda wa kuruka

Muda unategemea aina ya ndege. Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72 huenda kama kilomita 500 kwa saa. Ukijumlisha kupaa, kushuka na kutembea uwanjani, safari huchukua kama saa 1 na dakika 40. Dash 8 Q400, ambayo nayo ni ya pangaboi lakini ina mwendo mkubwa zaidi, huweza kufika kwa saa 1 na dakika 25 hivi. Ndege ya jeti kama Airbus A220 au Boeing 737 hutumia saa 1 na dakika 10 hadi 15. Precision Air kwa ndege zake za ATR, na Air Tanzania, ni miongoni mwa mashirika yaliyowahi kuruka njia hii bila kutua kwingine.

Anayepitia Nairobi au Addis Ababa ajue anabadilisha safari ya saa moja na nusu kuwa ya siku nzima, na wakati mwingine ya siku mbili kama ndege za kuunganisha hazikupangana. Njia hiyo ina maana kwa mtu anayetoka Nairobi au Kampala. Kwa mtu wa Kariakoo ni njia ya dharura tu, pale ambapo ndege ya moja kwa moja imejaa au imefutwa.

Hakuna tofauti ya majira. Dar es Salaam na Moroni zote ziko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, kwa hiyo saa ya mkononi haiguswi. Tofauti iko kwenye kusoma. Tiketi na barua za Comoro huandika saa kwa mtindo wa Kifaransa, 14h00 ikiwa na maana ya saa 8 mchana. Wapo waliosoma 8h00 wakajiandaa kwa saa 8 mchana, wakakuta ndege imeshaondoka tangu saa 2 asubuhi.

Muda halisi, mlango kwa mlango

Saa moja na nusu ya angani ni sehemu ndogo ya safari. Uwanja wa Dar es Salaam uko Kipawa, kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji kupitia Barabara ya Nyerere. Alfajiri ni nusu saa. Saa za jioni watu hukaa humo saa moja na nusu, na dereva wa teksi hana la kufanya. Abiria wa ndege ya nje hutakiwa kufika saa tatu kabla. Jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa Agosti 2019, lina nafasi kuliko la zamani, lakini mwenye marobota manne bado atapanga mstari wa kupima, wa kulipia uzito wa ziada, na wa uhamiaji.

Upande wa pili, Hahaya si Moroni. Kuna zaidi ya kilomita 20 za barabara ya pwani kuelekea kusini hadi mjini, na kwa kawaida ni dakika 30 hadi 45. Uhamiaji, kusubiri mizigo na forodha huchukua kama saa moja, na zaidi kwa mwenye bidhaa za kuuza. Ukijumlisha yote, mtu anayetoka Kariakoo hadi sokoni Volo Volo, Moroni, ajipangie saa 6 hadi 7. Hiyo ni pale ambapo ndege imeondoka kwa wakati. Anayemwahidi mteja kwamba atafika "baada ya saa moja" anajitafutia lawama.

Siku nayo ina uzito. Comoro ni nchi ya Kiislamu na Ijumaa ofisi hufungwa mapema kwa ajili ya sala. Mzigo unaotua Ijumaa mchana una hatari ya kulala hadi Jumatatu. Kwa nguo si neno. Kwa nyanya za mwisho wa wiki katika joto la Ngazija, Jumatatu ni siku ya kutupa.

Hesabu ya kilo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, tena kwa watu wenye uzoefu. Shirika la ndege haliangalii mizani peke yake. Huangalia pia nafasi ambayo mzigo unachukua. Kanuni iliyozoeleka ni kupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, kuzidisha zote tatu, kisha kugawa kwa 6,000. Jibu ni kilo za ujazo. Kati ya kilo za mizani na kilo za ujazo, unalipia iliyo kubwa.

Mfano: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ina ujazo wa sentimita 120,000, ukigawa kwa 6,000 ni kilo 20. Ikiwa ndani mna viatu vya plastiki vyenye uzito wa kilo 9, utalipia 20. Ikiwa ndani mna vipuri vya pikipiki vyenye kilo 34, utalipia 34. Mwenye viatu akivitoa kwenye maboksi yake ya dukani na kuvipanga kichwa kwa mkia, anaweza kupunguza karibu nusu ya gharama bila kumwomba mtu punguzo. Magodoro, mito, vyombo vya plastiki na wigi si mali za kwenda na ndege ila mnunuzi awe amekubali bei yake.

Jambo la pili ni udogo wa tumbo la ndege. Ndege za pangaboi zina nafasi ndogo ya mizigo, na ya kwanza kupakiwa ni mizigo ya abiria. Njia ya Comoro ina abiria wanaotoka kununua bidhaa Dar es Salaam, kila mmoja na mabegi yake. Ndege ikiwa imejaa watu, mzigo uliokabidhiwa kama shehena ndio unaobaki kusubiri safari inayofuata. Kama safari si za kila siku, kusubiri huko kunaweza kuwa siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo wenye mzigo unaooza hukabidhi siku moja kabla, huuliza ni ndege gani itakayoruka, na hawagawi mzigo mmoja katika hati mbili.

Wengine huona ni nafuu kupeleka kama mzigo wa ziada wa abiria. Kwa kilo 30 au 40 hesabu inaweza kukubali. Zaidi ya hapo forodha ya Hahaya huiona kuwa ni biashara, na abiria asiye na ankara hukadiriwa thamani na ofisa aliye mbele yake. Ankara moja yenye tafsiri ya Kifaransa humwondolea mtu ubishi wa saa nzima. Kiswahili kinasaidia sana mitaani, maana Kingazija ni ndugu yake, ila karatasi za serikali huenda kwa Kifaransa.

Bahari ile ile, kwa meli

Mzigo mwingi wa Tanzania kwenda Comoro hauruki, unaelea. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Moroni ni kama maili za baharini 380. Chombo kinachokwenda maili 10 kwa saa hutumia saa 38, yaani siku moja na nusu. Chombo cha maili 7 kwa saa hutumia zaidi ya siku mbili. Hizo ni saa za mwendo tu. Kupakia, vibali vya kuondoka na kusubiri kushusha huweza kuwa mara mbili au tatu ya muda wa safari yenyewe.

Kushusha ndiko kunakochosha. Kwa miaka mingi meli kubwa zimekuwa zikitia nanga nje ya Moroni na mzigo kuhamishiwa kwenye matishari hadi gatini. Bahari ikichafuka kazi husimama. Bandari yenye kina ya nchi hiyo iko Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na mzigo unaoshushwa huko kwa ajili ya Ngazija unahitaji chombo kingine.

Kutoka Mtwara hadi Moroni ni maili za baharini 200 hivi. Kwa maili 10 kwa saa ni saa 20: chombo kinachong'oa nanga saa 12 jioni kinaweza kuona Ngazija kesho yake saa 8 mchana. Mkoa wa Mtwara una kiwanda kikubwa cha saruji tangu 2015, na saruji ni mzigo mzito usio na haraka, ndiyo aina inayonufaika na njia fupi ya maji. Mahindi na mchele wa mikoa ya kusini nao hauna sababu ya kupanda lori hadi Dar es Salaam ili urudi tena kusini kwa meli, isipokuwa pale ambapo Mtwara hakuna chombo cha kupakia wiki hiyo. Kwa bahati mbaya jambo hilo hutokea.

Pepo zinajulikana kwa kila nahodha. Kusi huvuma kati ya Aprili na Oktoba hivi, likitoka kusini na kusini mashariki, maana yake chombo kinachokwenda Ngazija hulipokea usoni. Mkondo wa pwani nao huelekea kaskazini mwaka mzima. Kwa hiyo safari ya kwenda wakati wa kusi huchukua muda mrefu na mafuta mengi kuliko ya kurudi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, husukuma chombo kwenda, lakini hicho ndicho kipindi cha vimbunga katika bahari ya kusini. Kimbunga Kenneth kilipiga Comoro Aprili 2019 kabla ya kuingia Msumbiji. Kimbunga Hidaya kilisogea pwani ya Tanzania Mei 2024, wakati ambao wengi huhesabu kuwa hatari imekwisha, na Chido kikaibomoa Mayotte Desemba 2024. Tangazo la hali ya hewa likitoka, ratiba ya meli haina maana tena, na nahodha anayekataa kuondoka hapaswi kuitwa mwoga na mwenye mzigo.

Ndege nazo huheshimu upepo huo. Juni 30, 2009 ndege aina ya Airbus A310 iliyotoka Sana'a ilianguka baharini usiku ilipokuwa ikizunguka ili kutua Hahaya. Kati ya watu 153 alipona msichana mmoja. Februari 26, 2022 ndege ndogo aina ya Cessna yenye watu 14 ilianguka karibu na kisiwa cha Mwali. Rubani anapogeuza na kurudi Dar es Salaam kwa sababu ya wingu au upepo, abiria hukasirika, ila wazee wa Ngazija hawashangai.

Karatasi na magonjwa

Comoro ni mwanachama wa COMESA, na iliingia katika eneo huru la biashara la jumuiya hiyo mwaka 2006. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Comoro ikajiunga na SADC, ambako Tanzania ipo, na Agosti 2024 ikawa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa lugha ya sokoni: cheti cha uasilia cha Afrika Mashariki kinachofungua njia Rwanda au Uganda hakifungui chochote Moroni. Bidhaa ya Kenya yenye cheti cha COMESA inaweza kuingia kwa masharti nafuu ingawa Mombasa iko mbali zaidi. Anayeshindana na Mkenya kwa bei ya sabuni au mafuta ya kula aweke hilo kwenye hesabu kabla ya kuzungumzia kilomita.

Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mifugo inahitaji kibali na ukaguzi wa daktari wa mifugo, na hapa Wangazija wana sababu ya kuwa wakali. Miaka ya 2003 na 2004 ndigana kali iliua ng'ombe wengi Ngazija, na watafiti walihusisha ugonjwa huo na ng'ombe walioingizwa kutoka Tanzania. Walikuwa wamechanjwa dhidi ya ugonjwa huo, wanaonekana wazima, lakini bado wamebeba vimelea. Kwa mfugaji wa Ngazija mwenye ng'ombe wawili huo ulikuwa msiba wa nyumba nzima. Februari 2024 ilikuwa zamu ya watu: Comoro ilitangaza kipindupindu baada ya boti iliyotoka Tanzania kufika ikiwa na wagonjwa. Mwenye chombo anayeona ukaguzi wa afya ni usumbufu akumbuke matukio hayo mawili.

Fedha ni faranga ya Comoro, iliyofungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 491.97. Haipandi wala kushuka dhidi ya yuro, ila shilingi ya Tanzania hupanda na kushuka dhidi ya zote mbili. Anayeuza kwa mkopo wa mwezi mmoja ni vizuri akapatana bei kwa yuro, maana mzigo ulioleta faida siku ya kupakia unaweza kuwa umeimeza faida hiyo siku ya kulipwa.

Ukishuka Hahaya, bado hujafika

Mteja akiwa Nzwani au Mwali, safari ina mguu wa pili. Kutoka Hahaya hadi uwanja wa Ouani, Nzwani, ni kilomita 140 hivi, na hadi Mwali ni kama 100. Viwanja hivyo vina njia fupi za kurukia, hivyo hutumia ndege ndogo zenye nafasi chache na mizigo kidogo. Kuruka ni chini ya saa moja, kungoja nafasi ndiko kunakoweza kula siku. Boti za kati ya visiwa hubeba zaidi lakini hutegemea bahari. Mayotte, iliyo kilomita 260 kutoka Hahaya, iko chini ya Ufaransa na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Sheria za viza na forodha huko ni nyingine kabisa, na mzigo ulioandikiwa Moroni hauingii Mayotte kwa karatasi zile zile.

Kabla ya kukata tiketi au kukodi nafasi kwenye chombo, mwenye mzigo athibitishe na mpokeaji wake mambo matatu kwa simu: siku ya kufika, nani atakayekuwa gatini au Hahaya kupokea, na nani atakayelipa gharama za kuhifadhi endapo mzigo utalala. Hilo la tatu ndilo linalogombanisha watu zaidi, na jibu lake liandikwe kwenye ankara kabla mzigo haujaondoka.